ROBERT WOOD, ALIYEONA UMEME UKICHUPA KUTOKA METALI BARIDI

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, ambao kila siku mwatakiwa kueleza mlichokiona na kukitenga na kile mlichodhani mmekiona, leo twawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa hiyo. Hakuwa askari kwa mafunzo, ingawa alipata kuvaa cheo cha meja. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Jina lake ni Robert Williams Wood, raia wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1955. Wamjuao humjua zaidi kwa taa yake, ile itumiwayo na makachero kufichua hati za kughushi. Lakini kabla ya taa hiyo, akiwa kijana wa miaka 29, alikwisha kuandika habari ya kitu ambacho dunia ilichukua zaidi ya miaka 30 kukielewa, na karibu karne nzima kukitafutia chombo kinachokifaa.

Wood alizaliwa tarehe 2 Mei, 1868, katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kuishi miaka mingi katika visiwa vya Hawaii. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na kiwanda cha kutengeneza mafeni makubwa, na mtoto huyo aliruhusiwa kuingia humo na kuchezea vyuma na mashine apendavyo. Twaona kwamba mikono yake ilielimika kabla ya kichwa chake. Mwaka 1891 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa somo la kemia, mwaka uliofuata akamwoa Gertrude Ames, na mwaka 1894 akaenda Berlin kuendelea na masomo. Huko ndiko alikoiacha kemia na kushika fizikia.

Alifika Ujerumani wakati wa habari kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1895 Profesa Röntgen wa Würzburg alitangaza eksirei, na kila mwenye chupa ya kioo na pampu ya kutolea hewa akaanza kujaribu. Wood naye hakubaki nyuma. Hakuwa mtu wa kukaa ndani tu, maana alifuatana pia na Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiruka kutoka vilimani kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, akampiga picha siku chache kabla hajaanguka na kufa mnamo Agosti 1896.

Aliporudi kwao, Wood alifanya jaribio ambalo ndilo hasa limetufanya tuandike habari zake. Katika chupa ya kioo aliweka vitufe viwili vidogo vya platini, akavikaribisha sana pamoja, kisha akaiondoa hewa kadiri pampu za siku zile zilivyoweza. Akaviunganisha na umeme wenye msukumo mkubwa. Umeme ulichupa kutoka kitufe kimoja hadi kingine ingawa katikati yake hapakuwa na hewa ya kuuchukua, na mahali ulipogonga palitoka eksirei. Aliona kwamba jambo lile halikufanana na mianga iliyozoeleka katika chupa zenye hewa kidogo. Akaandika taarifa fupi, akaiita ya awali, nayo ikachapishwa Marekani mwaka 1897.

Ili tuelewe aliona nini, yatupasa kujua jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya metali. Elektroni ni chembe ndogo mno zenye umeme hasi, nazo ndizo zipitazo katika nyaya zetu. Ndani ya waya huzunguka huku na huko kama askari ndani ya kambi, lakini mpakani mwa metali pana kizuizi kinachozirudisha, mfano wa ukuta wa boma. Njia iliyozoeleka ya kuzitoa nje ni kuipasha metali moto hata ing'ae. Hapo baadhi yake hupata nguvu za kuuruka ukuta. Ndivyo zilivyofanya kazi valvu za redio za kale, na ndiyo sababu redio hizo zilikuwa hazisemi mpaka zimengojewa zipate moto.

Vitufe vya Wood havikuwa vimepashwa moto. Kilichozitoa elektroni ni mvuto wa umeme wenyewe, ule ambao wataalamu huuita uga wa umeme, kwa kuwa ulikuwa umebanwa katika nafasi ndogo sana. Tena uga hukusanyika penye ncha. Umeme katika kitu cha chuma hupenda ncha kuliko ubapa, kwa hiyo kwenye ncha ya singe uga huwa mkali kuliko kwenye kitako cha bunduki. Hata kitufe kilichosuguliwa vizuri kina vichomozo vidogo visivyoonekana kwa macho, na penye kichomozo uga huongezeka mara nyingi. Ili elektroni zitoke kwa wingi katika metali baridi, uga hapo ncheni hauna budi kufikia volti bilioni kadhaa kwa kila mita moja. Namba hiyo yaonekana haiwezekani, lakini kwa ncha kali na nafasi finyu huwezekana kwa umeme wa kawaida wa maabara.

Wood hakuyajua haya yote, wala hapakuwa na mtu aliyeyajua. Mwaka huohuo 1897 ndipo J. J. Thomson wa Cambridge alipokuwa akithibitisha kwamba chembe hizo zipo. Mmarekani wetu alieleza alichokiona, akakiita aina mpya, akaacha hapo. Hakujaribu kukitungia maelezo asiyokuwa nayo. Wengine watamlaumu kwa kutokichimba zaidi, maana akageukia elimu ya nuru na huko akakaa maisha yake yote. Sisi twaona kwamba ripoti iliyoandikwa sawasawa na mtu asiyejua maana yake ina thamani kuliko nadharia ya mtu asiyeona kitu.

Alifundisha kwanza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwenye mji wa Madison. Baridi ya huko hugandisha maji ndani ya mabomba yaliyofukiwa ardhini, na watu walikuwa wakichimbua barabara ili kuyeyusha barafu. Wood akapendekeza umeme upitishwe katika bomba lenyewe lipate joto, na maji yakatiririka bila jembe. Mwaka 1901 aliitwa Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na huko alidumu hata alipostaafu mwaka 1938. Husimuliwa kwamba katika bweni moja alishuku kwamba mabaki ya nyama ya jioni yalirudishwa mezani asubuhi yakiwa yamesagwa. Basi akanyunyizia mabaki yake chumvi ya lithi, isiyodhuru kwa kiasi hicho, na asubuhi akakichoma kipande cha chakula mbele ya chombo cha kuchambulia nuru. Mstari mwekundu wa lithi ukajitokeza. Hatuwezi kuapa juu ya kisa hicho, lakini kinamfanana sana.

Kisa kisicho na shaka ni cha Nancy, mji wa Ufaransa. Mwaka 1903 mwanafizikia mmoja wa huko, René Blondlot, mtu mwenye heshima na asiye laghai, alitangaza miale mipya aliyoiita miale ya N. Alisema kwamba miale hiyo ikiangukia cheche ndogo, cheche huongezeka mwanga kidogo sana, na mtu aliyezoea giza huweza kuuona. Wafaransa wengi waliuona. Makala mengi yakaandikwa. Lakini maprofesa hodari wa nchi nyingine walikaa gizani hadi macho yakawauma, wasione chochote. Mnamo Septemba 1904 Wood, aliyekuwa Ulaya, akafunga safari kwenda kujionea.

Wenyeji walimpokea kwa adabu na kumwonyesha majaribio katika chumba cha giza. Kwanza aliomba aukinge mwali kwa mkono wake wakati aupendao, nao waseme ni lini umekingwa. Majibu yao hayakulingana na mkono wake. Kisha wakamwonyesha chombo kilichotenganisha miale kwa prizimu ya aluminiamu, huku Blondlot akisoma vipimo kwenye kipimio. Ndani ya giza lile Wood aliinyanyua prizimu na kuiondoa. Vipimo viliendelea kusomwa vilevile, kana kwamba prizimu ilikuwa mahali pake. Barua yake ilichapishwa katika gazeti la sayansi la Uingereza, Nature, tarehe 29 Septemba, 1904, na tangu siku hiyo miale ya N ikaanza kufa. Blondlot hakunyang'anywa heshima zake. Mwisho wa mwaka huohuo chuo cha sayansi cha nchi yake kilimpa tuzo kwa kazi zake za maisha. Lakini jina lake limebaki likitajwa kwa kosa lile, na mema yake yamesahauliwa.

Je, Wood alitenda haki? Wapo wasemao kwamba mgeni aliyekaribishwa hapaswi kunyofoa chombo cha mwenyeji kwa siri. Twakubali kwamba jambo hilo lina uchungu wake. Lakini jaribio lenyewe lilidai siri, maana shahidi akijua jibu linalotakiwa, ushahidi wake umekwisha kuharibika. Kachero awapangaye watu mstari ili shahidi amtambue mhalifu hamnong'onezi shahidi yupi ndiye. Ulinganishe mwanga ule na ule wa 1897. Yote miwili ilikuwa mianga hafifu ndani ya chumba cha giza, yote miwili ilidaiwa kuwa mipya. Tofauti ni kwamba eksirei za vitufe vya platini huchoma bamba la picha, na bamba la picha halina matumaini wala uzalendo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoikumba Marekani mwaka 1917, Wood alipewa cheo cha meja katika Kikosi cha Mawasiliano na kupelekwa Ufaransa. Tatizo la mahandaki lilikuwa waya za simu kukatwa na mizinga, na taa za ishara kuonwa na adui. Wood aliunda taa yenye lenzi iliyotoa mwali mwembamba sana, hata mtu aliyesimama kando kidogo ya njia yake asiuone. Kisha akaiwekea kioo cheusi alichokibuni mwenyewe, chenye oksidi ya nikeli, kinachozuia nuru ionekanayo na kupitisha miale ya urujuanimno tu. Mpokeaji alikuwa na kiwambo kilichong'aa kila miale ilipokigusa. Kioo hicho ndicho kilichozaa taa ya Wood. Tangu mwaka 1925 madaktari waliitumia kutambua mapunye vichwani mwa watoto, nayo polisi wa dunia nzima waliichukua kwa ajili ya noti bandia, maandishi yaliyofutwa na madoa yasiyoonekana. Naam, huenda baadhi yenu mmeishika mikononi bila kujua jina lake.

Polisi wa kwao walimwendea zaidi kwa sababu ya mabomu. Tarehe 16 Septemba, 1920, saa sita mchana, gari la farasi lililojaa baruti lililipuka Wall Street, New York, na watu 38 wakapoteza maisha. Wood alikuwa miongoni mwa walioitwa kusaidia uchunguzi. Kesi hiyo haikupata mwenyewe hata leo. Kesi nyingine, ndogo kwa idadi lakini kubwa kwa matokeo yake, ilimhusu msichana aliyefungua mlango wa tanuri la makaa nyumbani kwao, akachomwa kifuani na kitu kidogo mno, akafa. Ndani yake kilipatikana kipande cha shaba kisichozidi kichwa cha pini. Wood aling'amua kwamba fataki ya kulipulia miamba ilikuwa imechanganyika na makaa tangu mgodini. Akalipua fataki za namna hiyo na kuvinasa vipande vyake. Aliona kwamba kitako cha shaba chenye kubonyea ndani hugeuzwa na mlipuko kikawa punje moja nzito iendayo mbio kuliko risasi. Aliyachapisha hayo mwaka 1936.

Twawaomba ndugu zetu wanajeshi wasipite hapa haraka. Katika Vita Kuu ya Pili mafundi wa Hungaria na Ujerumani waliikuza punje hiyo iwe silaha ya kutoboa vifaru, na baada ya mwaka 2003 mabomu ya aina hiyo, yaliyotegwa kando ya barabara za Iraki, yaliua askari wengi ndani ya magari ya deraya. Mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya kifo cha msichana mmoja aliandika ukweli, na ukweli ule ukaenda njia yake. Hatumhukumu kwa hilo, ila hatuwezi kuliacha bila kulitaja.

Na taarifa yake ya 1897 nayo ilikuwa ikienda njia yake. Wengine waliendelea kutoa umeme katika ncha baridi na kupima, lakini vipimo vilikataa kukubaliana na fizikia ya kale. Ndipo mwaka 1928 Ralph Fowler na Lothar Nordheim, wakifanya kazi Cambridge, walipotoa jibu kwa kutumia elimu mpya ya kwanta. Walisema kwamba uga mkali hauzipi elektroni nguvu za kuuruka ukuta. Uga huufanya ukuta uwe mwembamba, na elektroni, kwa tabia yake ya mawimbi, huweza kutokea upande wa pili bila kupita juu na bila kubomoa. Kwa vitu vikubwa jambo hili halitokei, na hakuna mfungwa aliyepata kutoroka hivyo. Kwa elektroni hutokea kila wakati, na hesabu ya Fowler na Nordheim hutumika mpaka leo.

Mwaka 1936, mwaka uleule Wood alipochapisha habari za fataki, Erwin Müller wa Berlin alichukua sindano ya tangsteni yenye ncha kali mno, akaiweka ndani ya chupa isiyo na hewa mbele ya kiwambo king'aacho. Elektroni zilizochupa kutoka nchani zilitawanyika na kuchora juu ya kiwambo sura ya ncha ile, ikiwa imekuzwa mara laki nyingi. Baadaye Müller aliigeuza sindano iwe upande chanya wa umeme, akatumia atomu za gesi badala ya elektroni, kisha akahamia Marekani. Wood alifariki tarehe 11 Agosti, 1955, huko Amityville, New York, akiwa na miaka 87. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 11 Oktoba, Müller na mwanafunzi wake kutoka India, Kanwar Bahadur, waliziona atomu za tangsteni mojamoja katika ncha ya sindano. Hakuna binadamu aliyekuwa ameona atomu kabla yao. Twasikitika kwamba mzee yule aliyependa kuona aliikosa siku hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Lakini sindano ya metali ilikuwa na udhaifu. Ilihitaji utupu wa hali ya juu kabisa, na masalio ya hewa yaliichafua na kuifanya butu. Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima alieleza mirija midogo ya kaboni, ambayo wataalamu huiita nanotyubu. Ifikirie kuwa ni karatasi ya atomu za kaboni iliyokunjwa ikawa bomba lenye upana wa sehemu chache tu za milioni za milimita, huku urefu wake ukiwa maelfu ya mara kuzidi upana. Hakuna fundi awezaye kuchonga singe ya namna hiyo. Mwaka 1995 kundi moja la Marekani na jingine la Uswisi yalionyesha kwamba mirija hiyo hutoa elektroni bila kupashwa moto, na kwa uga wa nje ulio mdogo sana, volti chache tu kwa kila sehemu ya elfu ya milimita. Umbo la mrija lenyewe ndilo linalouzidisha uga huo kiasi cha mara elfu pale nchani. Tena atomu za kaboni zimeshikana kwa nguvu, kwa hiyo ncha hailiki upesi.

Hapo watu wakaota ndoto kubwa. Mwaka 1999 Wakorea walionyesha kiwambo bapa cha televisheni kilichowashwa na mirija hiyo, na magazeti yakatangaza kifo cha televisheni za kioo kizito. Hizo zilikufa kweli, lakini muuaji alikuwa mwingine, yaani viwambo vya kioo-maji vilivyokuwa rahisi zaidi. Tatizo la mirija ni kwamba haifanani. Iliyo mirefu hubeba mzigo wa umeme peke yake hadi iungue, na ikipandwa kwa kubanana kama majani, kila mmoja humkinga jirani yake na uga, wote wakadhoofika. Kuipanda kwa nafasi sawa na kwa urefu mmoja ni kazi ya subira, na viwanda vya televisheni havikungoja.

Mahali ilipopata kazi ni katika eksirei. Mashine ya kawaida ya eksirei ina uzi unaopashwa moto, nao huhitaji umeme wa kuupasha, husambaza joto, na hauwezi kuwashwa na kuzimwa upesi. Mirija ya kaboni huitika papo hapo umeme unapoigusa. Kwa hiyo chombo chaweza kuwa kidogo na chepesi, au kuwa na vyanzo vingi vya eksirei vilivyopangwa pamoja, vikiwashwa kwa zamu ili mzigo au mwili upigwe picha kutoka pande nyingi bila kitu chochote kuzunguka. Katika miaka ya 2010 mashine za kusukumwa kwa magurudumu zenye mirija hiyo ziliruhusiwa kuingia katika wodi za hospitali. Ndani ya kila moja elektroni huchupa kutoka kitu baridi, hupita penye utupu, hugonga metali na kuzaa eksirei, kama zilivyofanya kati ya vitufe viwili vya platini katika chupa ya Wood mwaka 1897.